Bi Kanga na Wahamishaji Mizigo

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya wenye njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Wa nyuma sogeeni mbele. Na wewe baba unayesinzia, uambie usingizi ukusubiri nje.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Kanga. Alikaa Nyikani na vifaranga wake, pamoja na wifi yake, Kwale. Mwaka ule kisima kikakauka. Kau! Chura akahama. Konokono akahama. Bi Kanga akasema, "Wifi, na sisi twende. Twende Milimani, kuna mvua, kuna ukungu, mtama unastawi."

Milimani ni mbali. Unatembea, unachoka, unapumzika, unatembea tena. Na Bi Kanga alikuwa na vyombo! Kinu na mchi. Vyungu. Kioo kikubwa cha kutazamia madoa yake. Kikapu cha pilipili, zile nyekundu kali, alizovuna mwisho bustanini. Na kikapu kingine kama hicho hicho, pacha wake, vyote viwili na vifuniko. Ndani yake mlikuwa na shanga za marehemu mama yake, na mbegu za mtama. Mbegu zote alizokuwa nazo. Zile zikipotea, vifaranga watakula ukungu.

Basi akawatafuta wahamishaji. Wakaja Nyani na nduguze, vifua mbele, mikia juu. Nyani akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, bi mkubwa! Wewe usibebe kitu. Tembea mabawa matupu kama malkia. Mzigo wako kwetu ni kama yai."

Bi Kanga akayeyuka kabisa. Tangu azaliwe hakuna aliyemwita malkia.

Kwale akamvuta pembeni. "Wifi, wewe unawajua hawa?"

"Wana adabu, wifi."

"Adabu nimeiona. Nauliza, unawajua? Umemuuliza nani waliyemhamisha? Chombo kikivunjika nani anajibu? Na kile kikapu cha mama, kibebe mwenyewe."

"Lo, wifi! Wewe hata kivuli chako unakishuku."

Tena Bi Kanga akaona yeye ndiye mwerevu. Akachukua kitambaa chekundu, akakifunga kwenye mpini wa kikapu cha mbegu. Akatangaza mbele ya wote: "Jamani, hiki chenye kitambaa chekundu mkishike polepole! Humu ndimo ilimo mali yangu yote!"

Nyani akamtazama nduguye. Nduguye akakitazama kikapu. Kwale akajifunika uso kwa bawa.

Safari ikaanza, vifaranga nyuma, na wimbo juu.

*Haya twende!*
— Heya!
*Mzigo wa mama!*
— Heya!
*Ni kama wetu!*
— Heya!

Bi Kanga akaufurahia wimbo ule. Alicheza kabisa njiani, tiki tiki tiki. Mpaka walipofika kwenye kilima cha kwanza. Kinu kikatupwa chini, puu! Chungu kikabingirika, biri biri biri. Kioo kikaegemezwa kwenye jiwe, kikateleza, chwaaa!

"Kioo changu! Sasa nani anajibu?"

"Jiwe, bi mkubwa," akasema Nyani. "Jiwe ndilo lililokivunja."

Bi Kanga akaanza kutazama. Kinu hakuna anayekitaka. Vyungu hakuna anayevitaka. Lakini kikapu chenye kitambaa chekundu kinagombewa! "Nipe nikubebee." "Hujachoka, ndugu yangu?" "Zamu yangu!"

Wakafika kijitoni. Mizigo ikawekwa chini ya kivuli. Nyani na nduguze wakaingia majini kuoga. Bi Kanga akaenda kunywa maji nyuma ya matete, na akasikia sauti ya Nyani akiwaambia nduguze:

"Pale njia panda nachepuka na kile chekundu. Ninyi endeleeni na yule malkia. Baadaye mtupe makorokoro yake porini, mnifuate."

Bi Kanga alitaka kupiga kelele. Lakini kanga na nyani, wapi na wapi? Akarudi kwa Kwale, madoa yote yamesimama.

"Wifi, ulisema."

"Nilisema. Nitakukumbusha tukifika. Sasa fanya upesi!"

Wakafungua kitambaa chekundu, wakakifunga kwenye kikapu cha pilipili. Mbegu Bi Kanga akazifunga kifuani kwa leso. Shanga akazivaa shingoni, chini ya manyoya. Kikapu kitupu wakakijaza majani.

*Haya twende!* — Heya! Wakafika njia panda. Nyani akajishika tumbo.

"Bi mkubwa, nachepuka kidogo kichakani. Nitawakuta mbele."

"Na kikapu?"

"Kikapu naogopa kukiacha, wasije wakakiiba."

Akaingia kichakani, chakacha chakacha, akapotea.

Kwale akanong'ona, "Mwache aende na pilipili zake."

"Hapana, wifi. Kinu changu na vyungu bado viko kwa nduguze. Mkubwa wao akiumbuka, hawatathubutu kuvitupa. Tumfuate."

Nyani kusikia miguu nyuma yake, akashtuka. Atakificha wapi kikapu? Akakikalia. Pwaa! Pilipili zikapasuka chini yake, pwachu, pwachu, pwachu.

"Oo, bwana Nyani! Umepumzika?" akauliza Bi Kanga. "Kikapu kiko wapi?"

"Kikapu? Ki... kikapu? Nimekiweka mbele huko."

"Vizuri. Basi na sisi tupumzike nawe."

Wakakaa. Bi Kanga akajinyoosha bawa hili, akajinyoosha bawa lile. "Tumesafiri pamoja, wala hatujajuliana hali. Mama watoto hajambo?"

"Ha... hajambo!"

"Na watoto?"

"Haja-ja-jambo!"

"Na mama mkwe?" akadakia Kwale. "Goti lake?"

Machozi yakamtiririka Nyani. Midomo ikamcheza.

"Maskini, anampenda mama mkwe wake," akasema Kwale. "Hebu tueleze, goti lilianza lini?"

"Uwiiii!"

Nyani akaruka juu kuliko mti. Akateremka mlima anajiburuza kwenye nyasi, anajiburuza kwenye mchanga, anapiga mayowe mpaka kijitoni. Chubwi! Maji hayakusaidia. Matako yakawa mekundu, na mpaka leo ni mekundu. Ukikutana naye, usimuulize habari za mama mkwe.

Nduguze, waliokuwa wamefuata nyuma, waliona yote. Wakamtazama Bi Kanga kwa hofu. Alikuwa hajainua hata ukucha! Wakabeba kinu kama kinda. Wakabeba vyungu kama maji ya kuazima. Wimbo hawakuimba tena. Milimani wakatua mzigo taratibu, wakaaga, wakakimbia.

Kioo hakikulipwa na mtu. Kuuliza nani atajibu, Bi Kanga aliuliza kimekwisha vunjika. Lakini mvua ilinyesha, mbegu zikapandwa, vifaranga wakala mtama. Na Kwale alimkumbusha wifi yake asubuhi, mchana na jioni, mpaka mavuno.

Basi ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo: ukihama safari ndefu, mchunguze anayekuhamisha kabla hujamkabidhi vyombo. Muulize mapema kikiharibika nani atalipa. Kile usichoweza kukipata tena, kibebe mwenyewe, wala usitangaze kilipo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua nzima, haina ufa. Anayeitaka na aichukue.