Kitonge cha Kombo

Ngano, ngano!

— Itoke!

Itokee wapi?

— Jikoni!

Na jiko lina moto?

— Halina!

Basi sogeeni karibu, maana ngano ya leo haina moto ndani yake. Na wewe uliye nyuma huko, acha kutafuna. Ngano hii ukiisikiliza huku unatafuna itakukwama kooni.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika kama sisi, palikuwa na kijiji kwenye majabali. Waliishi humo wakubwa kwa wadogo, na jumbe wao alikuwa Nyati.

Kijiji kile kilikuwa na desturi moja. Akifa mtu, moto wote unazimwa. Si moto wa nyumba yenye msiba tu, la, moto wa kila jiko. Na hauwashwi mpaka mfiwa atie kitu kinywani kwa hiari yake. Wazee wao walisema hivi: haiwezekani mmoja alie na njaa huku jirani yake ananusa mchuzi.

Na mara zote desturi ile ilikwenda vizuri. Mfiwa alilia, akawaona watoto wa wenzake wana njaa, akawaonea huruma, akala kidogo. Moto ukawashwa.

Sasa katika kijiji kile alikuwepo Bi Nungunungu. Huyu aliishi peke yake. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mgongo wake mnauona wenyewe ulivyo. Hakuna aliyewahi kumkumbatia. Lakini alikuwa na rafiki mmoja, mmoja tu, naye ni Bi Paa. Bi Paa alikuwa mdogo wa mwili na mpole wa maneno, na kila asubuhi alimpitia Bi Nungunungu waende kisimani pamoja.

Bi Paa alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni Kombo, mwana wa kuruka, asiyetulia hata akila. Wa pili ni Mize, mchanga, bado ananyonya.

Homa ikaingia kijijini. Ikamshika Kombo. Kombo akafa.

Moto ukazimwa kila jiko. Wanawake wakaja kwa Bi Paa, mmoja mmoja, wakamkumbatia. "Makiwa, mwenzetu. Makiwa." Bi Nungunungu naye akaja. Akafika mlangoni, akasimama. Angemkumbatiaje? Miiba yake ingemchoma. Akakaa chini kando ya mlango, na roho yake ilimuuma kuliko alivyowahi kuumwa na kitu chochote.

Bi Paa hakula. Alikaa ameegemea ukuta, akiimba wimbo mmoja. Nikiimba, mniitikie:

Kombo, Kombo, mwana wa kuruka,
— Kombo, njoo!
Mama yuko mlangoni, chakula kinapoa,
— Kombo, njoo!

Jua likazama, likachomoza. Bi Paa hakula.

Akaja Bi Mbuzi na kibuyu cha maziwa. "Kunywa, mwenzangu, hata funda moja." Bi Paa akakitazama kibuyu, akasema, "Kombo alipenda maziwa." Akageuza uso. Bi Mbuzi akarudi na kibuyu chake.

Akaja Jumbe Nyati mwenyewe, akainama kupita mlangoni. "Bi Paa, mimi ni jumbe wako, nakuamuru ule." Bi Paa akamjibu kwa adabu, "Jumbe wangu, amri yako naisikia masikioni. Kooni haifiki." Jumbe akainama tena, akatoka.

Watoto wa kijiji wakawa wanalia. Walitafuna mihogo mibichi, matumbo yakawauma. Lakini kilio kibaya kuliko vyote kilikuwa cha Mize. Alinyonya, akaacha. Akanyonya tena, akaacha. Maziwa ya mama yake yalikuwa yanakauka. Bi Nungunungu pale mlangoni akasikia, akaelewa. Mama asipokula, Mize atamfuata Kombo.

Akaja wa tatu. Huyo alikuwa Mbweha.

Mbweha hakuja kwa ajili ya Bi Paa. Alikuja kwa ajili ya tumbo lake. Alikuwa na paja la nyama nyumbani, na nyama mbichi ilikuwa imemchosha. Akangoja usingizi umshike Bi Paa, na Bi Nungunungu aende kisimani. Akaingia kwa kunyata. Akachovya kidole katika uji uliobaki tangu kabla ya msiba, uliokuwa umechacha, akampaka Bi Paa mdomoni. Kisha akatoka mbio huku akipiga kelele, "Amekula! Njooni mwone, uji bado uko mdomoni! Mfiwa amekula, washeni moto!"

Watu wakachungulia. Kweli, mdomo una uji. Njaa haina subira, ndugu zangu. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Jiko likawashwa, na jingine, na jingine, na harufu ya nyama ikajaa kijijini.

Bi Paa akaamka. Akaona moshi. Akasikia vicheko na sufuria. Akamwambia Bi Nungunungu aliyekuwa anaingia na mtungi wake, "Kumbe wameshamsahau mwanangu."

Akageukia ukuta. Hata wimbo akaacha.

Bi Nungunungu aliuona uji uliokauka mdomoni mwake, akajua. Alitoka nje miiba imesimama yote. "Nani kampaka mfiwa uji?" Akawazunguka mmoja mmoja. "Nauliza nani!" Mtoto mmoja akamtazama Mbweha, na wengine wakamtazama, na Mbweha akatazama chini.

Jumbe Nyati akasema, "Mbweha, umesema uongo kwa kinywa cha mtu aliyefiwa. Tangu leo hutakaa kwenye moto wa mtu yeyote." Wakamfukuza. Majiko yakazimwa tena, na kila mmoja aliona haya. Lakini haya ya watu haikumrudishia Bi Paa hamu ya kula.

Bi Nungunungu akakaa akawaza. Kukumbatia siwezi. Maneno matamu sina. Nimfanyie nini? Nitengeneze kitu laini, kitamu, kisichohitaji moto. Akaenda kwa Bi Mbuzi. "Nipe mtindi."

"Wa nini?"

"We nipe tu, bibi. Maswali baadaye."

Akapewa kibuyu kizima. Akatafuta ndizi zilizoiva hadi maganda yamekuwa meusi, akatafuta tende, akatafuta asali na unga wa ubuyu. Akaponda ndizi, akamimina mtindi, akajaribu kufanya vitonge. Wapi! Ukamchuruzika kwenye kucha, ukamfika kiwikoni, ukadondoka chini. Akasonya.

Akajaribu mara ya pili. Safari hii akamwaga ubuyu mwingi ili mtindi ushikane. Ukashikana kweli, ukawa kama udongo wa kufinyanga. Akampa mtoto mmoja aonje. Mtoto akafumba jicho moja, akakunja uso, akatema. "Mchachu, bibi!"

"Najua ni mchachu, nenda zako."

Bi Mbuzi alikuwa anamtazama. Akamwambia taratibu, "Mwenzangu, una haraka. Mtindi una maji yake ndani. Usiyakamue wala usiyazibe. Yaache yatoke yenyewe."

Basi mara ya tatu Bi Nungunungu akamimina mtindi katika kitambaa safi, akakifunga, akakitundika kwenye tawi, akaweka bakuli chini. Maji yakaanza kudondoka. To. To. To. Akakaa chini ya tawi akiyatazama, na kwa mbali alimsikia Mize akilia, na kila kilio kilimtaka anyanyuke akamue. Hakukamua. Jua likapanda, likapinda. Maji yakaacha kudondoka yenyewe.

Akafungua kitambaa. Mtindi ulikuwa mzito, mweupe, umetulia. Akautia ndizi zilizopondwa, akatia tende alizozikatakata, asali kidogo, na ubuyu kidogo tu. Akachanganya. Ukashikana vizuri.

Lakini alipoanza kuvingirisha, kucha zake ndefu zikakichana kila kitonge. Kimoja kikachanika. Cha pili kikachanika. Cha tatu kikachanika. Bi Nungunungu akazitazama kucha zake. Halafu akatazama upande wa nyumba ya Bi Paa. Akabeba bakuli.

Wanawake waliokaa nje ya nyumba ya msiba wakamuuliza, "Umeleta chakula?"

"Sikuleta chakula. Nimeleta kazi."

Wakapigwa na butwaa. "Mfiwa hapewi kazi! Umepatwa na nini, Bi Nungunungu? Utafukuzwa kama Mbweha!"

"Nifukuzeni kesho," akasema. "Leo nipisheni."

Akaingia, akaweka bakuli mbele ya Bi Paa.

"Siwezi kula," akasema Bi Paa, bila kugeuka.

"Nani kasema ule? Watoto wa watu wana njaa huko nje, na mimi kucha zangu hizi unazijua. Kila nikivingirisha kitonge kinachanika. Wewe una mikono laini. Nisaidie, ndugu yangu."

Mwishowe Bi Paa akageuka, taratibu, kama aliyesahau jinsi ya kugeuka. Akachota kidogo, akavingirisha. Kitonge kikatoka duara, kizuri.

"Kikubwa hicho," akasema Bi Nungunungu. "Kitamkwama mtoto."

Bi Paa akakigawa, akakipima kwenye kiganja. "Kinywa cha Kombo," akasema, na sauti ikamkatika. "Kinywa cha Kombo kilikuwa kiasi hiki."

"Basi fanya vyote kiasi hicho."

Akavingirisha. Na mikono ilipokuwa inavingirisha, mdomo ukafunguka. "Alikuwa hali mpaka aruke kwanza. Nilikuwa namgombeza, Bi Nungunungu. Siku moja kabla ya homa nilimgombeza." Machozi yakamdondoka, na Bi Nungunungu hakumwambia anyamaze. Aliyaacha yatoke yenyewe. Bi Paa akaongea mpaka bakuli likaisha.

Wakavipanga vitonge katika chungu, wakakifukia chungu hadi shingoni katika mchanga mbichi ulio kivulini, karibu na kisima. Huko ubaridi ukavikaza. Kisha Bi Paa mwenyewe akatoka nje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu mazishi. Akamweka Mize mgongoni, akakaa na chungu, na watoto wa kijiji wakaja.

"Shika, mwanangu. Shika, na wewe. Shika."

Kila mtoto akapata chake. Watoto wakaisha. Bi Paa akatazama ndani ya chungu. Kilikuwa kimebaki kitonge kimoja.

"Nimehesabu vibaya," akasema.

Bi Nungunungu akasema, "Hukuhesabu vibaya. Hicho ni cha Kombo."

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Bi Paa akakishika kile kitonge kwenye kiganja. "Kombo hayupo."

"Hayupo," akasema Bi Nungunungu. Ulimi wake ule mkali siku hiyo ulikuwa laini. "Nikuulize, ndugu yangu. Mtoto akibakisha chakula chake, nani humalizia?"

Bi Paa akamtazama rafiki yake.

"Mama yake," akasema.

Akakitia kinywani.

Hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyekimbilia kuwasha moto. Walimngoja atafune, wakamngoja ameze, wakamngoja alie. Alipomaliza kulia, akaomba maji, kisha akaomba mtindi uliobaki kwa Bi Mbuzi, akanywa. Na moto wa kwanza uliwashwa na Bi Paa kwa mkono wake. Wengine wote walichukua makaa kutoka jikoni kwake.

Siku zilizofuata maziwa yalirudi, na Mize akanyonya akashiba. Wimbo nao Bi Paa aliuimba tena, ila aliubadilisha. Itikieni:

Kombo, Kombo, mwana wa kuruka,
— Kombo, lala!
Ulichobakisha mama amemalizia,
— Kombo, lala!

Tangu hapo, kijijini kwenye majabali, palipo na msiba majirani hupeleka bakuli la mtindi na matunda, na mfiwa huvingirisha pamoja nao. Kitonge kimoja huongezwa, cha yule aliyekwenda. Na Mbweha ndiye huyo mnayemsikia akilia nje ya vijiji. Anaona moto wa watu kwa mbali, hathubutu kuusogelea.

Mnasikia, wanangu? Funzo la ngano hii ni hili. Aliyefiwa usimwamuru, na usimharakishe, na usidanganye kwamba amepona ili wewe upate kula. Kaa naye. Ukiwa huna mikono ya kukumbatia, tafuta ulicho nacho umpelekee, na machozi yake uyaache yatoke yenyewe.

Ngano yangu nimeivingirisha, nimewatilia kinywani. Mwenye njaa ameze. Aliyeshiba ampelekee jirani. Na wewe wa nyuma, sasa tafuna.