Unga wa Bi Mize

"Kikakasacho ndicho kizibacho." Ndiyo, nimesema hivyo na nitasema tena. Mmerudi kutoka kwa fundi anayewafundisha cherehani mmevimba midomo, eti kawafumulia kazi yote, nami badala ya kuwapa pole nimewapa methali. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni. Wewe Chausiku, futa hayo machozi kwanza, gauni halijafa. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mji wetu huu ulikuwa wa washona makubadhi, vile viatu vya wazi vya ngozi. Ngozi zililowekwa mitungini kwa maji ya magome ya mkoko mpaka zikawa nyekundu na imara. Mwenye mitungi alikuwa mjane mmoja, Bi Mize. Maji yake yalinuka, na maneno yake, wanangu, yalikwaruza. Kazi mbovu akiiona aliiita mbovu, awe nani aliyeifanya.

Mkataji ngozi hodari alikuwa kijana Vuai, yatima, aliyejilea kwa mikono yake. Mafundi wa siku zile walikuwa na desturi moja ya kipumbavu: ngozi waliikatia juu ya paja tupu. Ubao ulikuwa wa wanagenzi. Fundi aliyekatia ubaoni alichekwa mji mzima.

Kila Bi Mize alipoleta ngozi alimwambia Vuai, "Ondoa paja lako hapo! Utajichinja, tukuzike na makubadhi ya watu hayajaisha."

Rafiki zake walioshinda barazani kwake alipofanyia kazi, Faki na wenzake wawili, wakamwambia, "Achana na bibi huyo. Mkono wako haujapata kukosea."

Siku nne kabla ya harusi yake, Vuai alikuwa akikata makubadhi ya mchumba wake, Mwanakhamisi. Bi Mize akaja na ngozi, akaanza tena. Safari hii Vuai alichoka.

"Bi Mize, nakuheshimu kama mama yangu," akasema, "lakini barazani kwangu usije tena. Ngozi mpe mtu alete."

Bi Mize akaitua ngozi, akaenda zake. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alilia njia nzima.

Bi Mize hajafika hata kwake, Faki akasema, "Ee fundi, hebu kata hiyo gidamu bila kutazama!"

Vuai akacheka, akatazama juu, akakata kikanda hicho cha kubadhi. Kisu kikapita ngozi, kikazama pajani. Damu ikaruka hadi ukutani.

Loo! Mngewaona wale wasifiaji. Faki alizimia pale pale. Mmoja alitimua mbio. Wa tatu alileta marashi, akayamwaga kwenye jeraha, basi damu ikazidi kutoka, ila sasa inanukia.

"Jamani, nakufa," Vuai akasema, "na Mwanakhamisi hata hina hajapakwa."

Kelele zilimfika Bi Mize alipofika tu mitungini kwake. Akaja mbio, kanga imemvuka kichwani, kopo mkononi. Ndani mlikuwa na unga wa magome yale yale ya mkoko, umetwangwa laini. Akaushindilia jerahani, akaweka kitambaa, akakandamiza kwa viganja viwili.

"Nilikwambia! Nilikwambia, mpumbavu wewe!"

"Inauma, Bi Mize!"

"Na iume! Anayeumwa hajafa. Tulia."

Akazidi kukandamiza, hakuachia. Anamtukana huku machozi yanamtiririka. Polepole damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma.

Vuai alipopata nguvu akauliza, "Umenitia nini?"

Bi Mize akachovya kidole koponi, akampaka ulimini. Mdomo ukamkunjamana kama aliyeng'ata bibo bichi.

"Unaonaje?"

"Kinakakasa."

"Na kwenye kidonda?"

Vuai akautazama mguu wake mkavu, kisha akaushika mkono wa yule mama, akalia. "Nisamehe, mama. Kikakasacho ndicho kizibacho."

Harusi iliahirishwa mwezi mmoja. Siku ilipofika, Mwanakhamisi alitoka amevaa makubadhi yaliyokatiwa ubaoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mize akainama, akayakagua, akasema mbele ya watu wote, "La kushoto mshono umepinda."

Kila mtu akamtazama bwana harusi. Vuai akapiga goti kwa taabu, maana paja lilikuwa bado linamvuta, akamvua mkewe kubadhi lile, akaomba sindano. Akafumua, akashona upya, na kanzu yake ya harusi mwilini. Kisha akampa Bi Mize akague tena.

Ndiyo hivyo. Chausiku, lete gauni lako nilione. Enhe. Kwapa ulilivuta, mwanangu, lingepasuka siku ya kwanza tu, ukiwa mbele za watu. Fundi wako kasema kweli. Tia uzi sindanoni, na kesho ukifika umsalimie vizuri. Kikakasacho ndicho kizibacho.