Tawi Lililochongwa Ncha

Hadithi iko mlangoni, wajukuu zangu. Imetoka mbali na miguu yake ina tope. Tuifungulie, au tuiache nje? Haya, mmesema ifunguliwe. Msiweke sinia chini. Masikio hayachambui mchele, mikono iendelee.

Zamani, zamani ile ambayo babu wa babu yangu alikuwa hajapewa jina, kaskazini ya Uingereza palikuwa na ghuba pana. Upande huu kijiji na kanisa la mawe lenye mnara mfupi. Ng'ambo, nyumba kubwa ya watawa. Katikati bahari. Lakini bahari ile ikipwa ilipwa yote, ukabaki mchanga mtupu, watu wakavuka kwa miguu na mikokoteni. Ikijaa, ilikuja mbio kumshinda farasi. Maji yanaondoka, maji yanarudi, wala hayabishi hodi.

Na mchanga wenyewe haukuaminika. Hapa mgumu kama sakafu. Hatua moja pembeni, tope linalomeza ng'ombe na pembe zake. Ndiyo maana alikuwapo mzee Ketil, kazi yake kupima mchanga kwa fimbo na kuchomeka matawi mabichi kuonyesha njia. Mvukaji alikwenda tawi hadi tawi, tawi hadi tawi, mpaka nchi kavu. Na mwiko ulikuwa mmoja: tawi la Ketil haliguswi.

Upande huu aliishi mama mmoja, Gunilda. Mumewe, Torfin, alikuwa amevuka kwenda kumchukua mama yake mzee, na aliahidi kurudi asubuhi ya Jumapili ya Matawi, maji yakiwa yamepwa. Mnaijua Jumapili ya Matawi; watu huenda kanisani na makuti. Kule hakuna mnazi. Kila nyumba ilitafuta tawi lolote la kijani, na mwaka huo baridi ilikuwa imekausha kila kitu. Kwenda kanisani mikono mitupu ilikuwa aibu ya mwaka mzima.

Gunilda alikuwa na mkate motoni, mbuzi wa kukamua na mtoto mchanga mwenye homa. Kwa hiyo alfajiri alimtuma binti yake Suniva, aliyeng'oka meno ya mbele, akatafute tawi. Suniva akarudi na mzigo mzima wa matawi ya kijani. Mama yake akamwambia ahsante, akampa ukoko wa mkate. Hakuuliza kitu. Wewe Mwanakombo, unacheka nini? Mama yako angeuliza? Basi cheka taratibu.

Kanisani majirani waliyaonea wivu yale matawi. Gunilda akagawa, naye akabaki na moja. Padri akayabariki. Ndipo Gunilda alipolishika lake vizuri, kidole kikagusa ncha. Matawi ya wenzake yalikuwa yamevunjwa kwa mkono. Hili lilichongwa kwa kisu, kali kama kigingi cha hema, na juu ya ncha palikuwa na tope la kijivu, bado bichi.

Akainama kwa binti yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeyatoa wapi?"

"Mchangani," Suniva akasema. "Yalikuwa hayana mtu."

Gunilda akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umefunika ghuba. Ketil alikuwa ng'ambo na watawa, amekwenda kula sikukuu. Na Torfin alikuwa katikati ya mchanga, na mama yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akifuata tawi hadi tawi, mpaka mahali ambapo matawi yamekwisha.

Akasimama mbele ya watu wote, akaeleza, akaomba arudishiwe matawi. Padri akazuia mlango kwa mkono. "Tawi lililobarikiwa halirudi topeni, mama."

"Basi libariki na tope, Padri, maana mume wangu yumo," akasema, akampita.

Akampa jirani mtoto mchanga, akabeba matawi waliyomrudishia majirani, akamfunga Suniva kamba kiunoni, ncha ya pili akajifunga mwenyewe. Kumrudisha mtoto mchangani, maji yanakaribia! Lakini nani mwingine aliyejua matundu yalipokuwa? Walipofika ukingoni Gunilda aliona mchanga mtupu, umelainika, hauna alama. Akamuuliza mtoto kama anakumbuka.

"Niliacha magamba," Suniva akasema.

"Magamba gani?"

"Wewe si husema usichukue kitu cha watu bila kuacha kitu? Kila nilipong'oa tawi niliacha gamba jeupe la chaza."

Gunilda hakujua amchape au ambusu. Hakuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo. Gamba la kwanza lile, wakachomeka tawi. La pili lile, wakachomeka tawi. Tawi hadi tawi, ndani ya ukungu, na mbali wakasikia mvumo kama wa mtu anayepepeta nafaka. Maji yanaondoka, maji yanarudi.

Kwenye gamba la mwisho Gunilda akainua tawi juu, akaita. Kutoka ukunguni, karibu kabisa, ng'ombe akalia. Torfin alikuwa amesimama penye tawi lake la mwisho, hathubutu kusogea. Lakini watu wa pale waliamini kwamba mchangani kuna mashetani yanayoita watu kwa sauti za wake zao.

"Kama wewe ni mke wangu," akasema Torfin, "nilikuaga vipi nilipoondoka?"

"Hukuniaga. Ulisema supu ina chumvi. Sasa njoo, au ukae hapo uonje ya bahari."

Kisha sauti ya bibi kizee kutoka kwenye mkokoteni: "Ndiye huyo. Swaga ng'ombe."

Wakaja. Maji yaliwapata magotini karibu na ufuko. Mkokoteni ukanasa, wakakata kamba za ng'ombe wakauacha, na Torfin akambeba mama yake mgongoni. Bahari ikaula ule mkokoteni mbele ya macho yao.

Ketil aliporudi hakufoka. Alisema tu kwamba tangu siku ile, kila mwaka kabla ya Jumapili ya Matawi, Gunilda na binti yake watakata matawi ya kanisa zima. Wakakata mpaka wakazeeka. Nyumba ya watawa sasa ni mahame, kuta bila paa, na wageni huenda kuyastaajabia mawe.

Mtoto akikuletea kitu kizuri, muulize alikokitoa kabla ya kumwambia ahsante. Nanyi mnaoleta, semeni kabla ya kuulizwa.

Hadithi imefika nchi kavu. Imefuta miguu, imekwenda zake. Leteni mchele nione mawe mliyoyaacha.