Vita vya Udongo

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Maana yake ni kwamba aliyekwisha kupatwa na balaa huogopa hata kinachofanana nalo, ingawa mwenzake haoni cha kutisha. Libérat wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, alikuja kuielewa methali hii maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Libérat alikuwa fundi wa simu, mtu mpole asiye na makuu. Kila Jumapili baada ya misa alifinyanga askari wa udongo warefu kama kidole, akawavika sare za vitambaa, akawapa bunduki za nyaya. Aliwajengea nyumba za mabua, na pamba akaifanya moshi. Kisha alilala kifudifudi, simu ikigusa ardhi, akawapiga picha hadi kidole kikawa mtu na rundo la udongo likawa mlima. Hakupenda vita. Baba yake alikuwa askari aliyepanda milima ya Bijombo asirudi, na kuwafinyanga watu wale kulimfanya ajihisi yuko karibu naye.

Masika moja alitengeneza pigano kubwa kuliko yote: barabara ya kijiji cha Luvungi, maduka yakiungua, maiti kando ya kanisa. Mkewe Generose, mzaliwa wa huko, alikuja kumwita kula, akasimama kama aliyepigwa na ganzi.

"Libé, hii iko Luvungi kabisa. Hata kanisa yetu uliiweka."

"Ni udongo tu, Generose."

"Weye unajua ni udongo. Usiitume kwa watu."

Libérat alitabasamu. Kazi ile ilimjaza fahari, naye akaituma kwa rafiki yake Ezéchiel, aliyependa sana ufundi wake. Ezéchiel aliisambaza bila neno, akidhani kila mtu angetambua kwamba ni udongo. Picha ikaenea kama moto wa nyikani. Kulipopambazuka, watu wasiojulikana walikwisha kuibandika maneno yao: Luvungi inawaka.

Asubuhi hiyo Bernardine, dada mkubwa wa Generose, alikuwa akipalilia mihogo mbali na kijiji, karibu na mto Ruzizi, pamoja na binti yake Irankunda. Miaka ya nyuma, mumewe na mwanawe wa kwanza waliuawa katika barabara ileile ya Luvungi. Jirani wa shamba alimwonyesha picha kwenye simu. Jembe likamtoka mkononi.

"Mama, tungoje kidogo, tupigie watu simu," Irankunda alimsihi.

"Hata siku ile tulingoja," Bernardine alijibu, akamshika mkono.

Alitaka wavuke mto hadi Burundi. Ruzizi ilikuwa imefura kwa mvua, maji mekundu yakikokota magogo. Waliingia majini, lakini hawakufika katikati. Irankunda alitupwa kwenye matete akayang'ang'ania. Mama yake alichukuliwa na mkondo, akapatikana kesho yake amekufa, upande wa chini wa mto.

Matangani, huko Luvungi, Libérat aliketi na wanaume. Mwishowe alimfuata Irankunda nyuma ya nyumba, mkewe akiwapo.

"Ile picha ni minye niliitengeneza," alisema. "Ni askari wa udongo. Hakukuwa vita."

Irankunda alimtazama kana kwamba hamjui. "Papa mudogo, nilimwambia tupige simu," alisema polepole. "Nilimwambia." Akaangua kilio. Generose alimkumbatia, akampa mumewe mgongo.

Ukweli ulizunguka matangani upesi. Mzee mmoja aliguna, akasema, "Kumbe marehemu alikimbia vinyago?" Wawili watatu wakacheka chini chini.

Libérat alisimama. "Musimucheke," alisema. "Alikimbia siku ile walimuulia bwana na mutoto. Minye ndiye nilimurudishia ile siku."

Hakuna aliyecheka tena. Baada ya mazishi, Generose hakupanda gari la kurudi Uvira. Alisema atabaki Luvungi na mtoto wa dada yake, wala hakusema mpaka lini. Libérat alirudi peke yake Uvira, kando ya ziwa, kwenye nyumba isiyo na sauti. Hakufinyanga tena, kwani alikwisha kuona kwa macho yake kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.