Pengo Kwenye Rafu

Wapendwa, kaeni. Kaeni vizuri, maana leo nimekuja na moto, na atakayesinzia nitamwita kwa jina, awe mwanakwaya au mzee wa kanisa. Walimu wa shule yetu nawaona hapo benchi la tatu, mmependeza. Mfano wa leo ni wenu. Ninyi wengine mtasikiliza kama majirani tu, lakini msicheke mapema, utawafikia.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi, huko milimani kwenye baridi, ambako mtoto anakwenda shule na kiazi cha moto mfukoni apashe vidole, na saa ya mapumziko anakila. Shule ile ilikuwa na chumba cha vitabu. Sisemi vitabu vya kiada. Vitabu vya hadithi, vya wanyama, vya nyota, vya watu waliosafiri mbali! Wahisani walivileta, picha zikapigwa, pilau ikaliwa, kisha mlango ukatiwa kufuli. Kwa nini? Kwa sababu ya neno moja tunalolipenda sana: visichafuke.

Basi siku moja mwalimu mkuu akawaambia walimu wenzake ofisini, "Jamani, agizo limekuja. Chumba kile kisimamiwe na mwalimu aliyesomea ukutubi, mwenye cheti. Tusipompata hadi mwisho wa mwaka, vitabu vinahamia shule nyingine, na mimi mle ndani nitaweka mahindi ya uji wa watoto."

Walimu wakatazama dari. Mnajua wenyewe, kazi ya ziada ikitajwa, kila mtu anapatwa na kikohozi. Yule mwalimu wa Hisabati akanyoosha mkono.

"Nitakwenda mimi."

"Wewe? Mwalimu wa hesabu na vitabu vya hadithi, wapi na wapi?"

"Mwalimu mkuu, mimi nimesoma shule isiyokuwa na kitabu cha hadithi hata kimoja. Nikikumbuka utoto wangu naona ubao tu. Niache niende."

Akaenda! Likizo wenzake wako shambani wanapalilia, yeye yuko chuoni. Na yupo humu anayedhani mkutubi ni mtu wa kukaa na funguo na kusema "shhh"? Atubu leo. Kazi ile inasomewa! Akajifunza kupanga vitabu kwa mada zake na kubandika namba mgongoni mwa kila kimoja. Akajifunza kushona kilichochanika. Na zaidi ya hayo akajifunza kumtazama mtoto asiyependa kusoma, akajua ni kitabu gani kitakachomnasa. Wapendwa, hilo la mwisho ni karama kabisa!

Mafunzo yenyewe yalikuwa na sehemu mbili. Ya darasani akafaulu vizuri. Ya pili ilikuwa arudi shuleni kwake, aendeshe maktaba muhula mzima, halafu mkufunzi aje kumpima palepale kwenye kazi. Akifaulu, anapata cheti na vitabu vinabaki. Asipofaulu, mahindi yanaingia.

Akatoa kufuli. Watoto wakaingia kama maji ya mfereji uliozibuliwa! Vitabu vikatoka, vikaenda majumbani ndani ya mifuko ya unga, vikasomwa jikoni kando ya moto. Vingine vikarudi na alama ya mchuzi. Mwalimu akafuta, akashona, akatoa tena.

Sasa kulikuwa na baba mmoja mpasua mbao. Shule aliiacha mapema sana, maisha yake ni msumeno na msitu. Binti yake akaenda nyumbani na kitabu cha mtu aliyepotea porini, akawa anamsomea baba yake kila jioni kurasa chache. Mkewe akaanza kupata wasiwasi. Mume aliyekuwa hafiki nyumbani bila kupitia kilabuni, sasa anarudi jua lingalipo! Mama akajiuliza, kulikoni, huyu anaumwa? Kumbe mzee anawahi hadithi. Haleluya!

Ndipo habari ikaja: mkufunzi anafika wiki ijayo.

Hapa niwaulize. Mgeni mkubwa akija nyumbani kwako, unafanyaje? Msinitazame hivyo, nimekuwa mgeni kwenu mara nyingi. Vikombe vya kabatini vinatoka, vile ambavyo mumeo hajawahi kuvinywea. Vitambaa vya kufuma vinatandikwa kwenye makochi. Na watoto? Watoto wanafukuzwa sebuleni! "Tokeni, mtachafua, mchungaji anakuja." Mchungaji akifika, anakuta nyumba nzuri isiyokaliwa na mtu.

Mwalimu wetu akafanya hivyohivyo. Akapita darasa kwa darasa: "Vitabu vyote virudi! Hata kimoja kisibaki nyumbani!" Vikarudi. Akapiga deki. Akabandika lebo mpya. Akachukua vitambaa vya kufuma kutoka sebuleni kwake, akavipiga pasi, akavitandika juu ya rafu. Halafu akafunga mlango, akaweka viranja nje, mtoto asichungulie hata dirishani. Yeye aliyeutoa ule ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu, sasa kaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe! Je, alikuwa mtu mbaya? Hapana, wapendwa. Alikipenda chumba kile mpaka akaogopa.

Yule mpasua mbao akaja mwenyewe kurudisha kitabu, amekifunga ndani ya shati safi.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, baba. Karibu. Asante kwa kukileta."

"Nimekileta, ila nakuomba. Tumefika pabaya. Yule mtu yuko katikati ya mto, maji yako kifuani, na mamba ameshaingia majini. Binti yangu akafunga kitabu hapohapo, akasema mwalimu anakitaka. Mwalimu, ugali haupiti."

"Pole, baba. Mgeni wetu akishaondoka utakichukua tena."

"Sawa, wewe ndiye mkubwa hapa. Basi nipe neno moja tu niende nalo nyumbani. Alivuka?"

Mwalimu akasema polepole, "Baba, hicho mimi sijakisoma."

Mmesikia? Namba anaijua, rafu anaijua, mgongo ameushona kwa uzi wake. Ndani hajafika! Yule baba akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili, akaondoka hana raha.

Siku ikafika. Mkufunzi akashuka kwenye pikipiki, akajipangusa vumbi, akaingia. Akazunguka taratibu. Akavuta kitabu, akakirudisha. Akagusa kitambaa. "Pasafi," akasema. Mwalimu moyo ukamtulia, akaanza kukiona cheti ukutani.

"Haya mwalimu, sasa nionyeshe vitabu ambavyo havipo."

"Ambavyo havipo?"

"Vilivyo nje. Vilivyo kwa wasomaji."

"Aa, mkufunzi, uwe na amani! Hakuna hata kimoja kilicho nje. Vyote viko hapa."

"Na watoto?"

"Nimewazuia, wasije wakavuruga."

Mkufunzi akavua miwani. "Mwalimu, nimepanda mlima huu kuja kupima maktaba, nawe umenionyesha kabati. Ni kabati zuri sana. Lakini kabati linatunzwa na kufuli, halihitaji mkutubi. Siwezi kukupa cheti."

Jamani! Likizo zote zile! Mwalimu akaketi kwenye kiti cha mtoto, machozi yakamtoka, akayaona magunia ya mahindi yakipangwa mle ndani. Mkufunzi naye akatoka nje, akageuza pikipiki yake, kisha akarudi kuchukua mkoba.

Ikasikika hodi. Ni nani? Ni yule mpasua mbao, unga wa mbao umemjaa nyweleni.

"Samahani, wakubwa. Niliona pikipiki imegeuzwa njiani, nikadhani mgeni ameshamaliza kazi. Kumbe bado. Basi nitasubiri nje. Nimemfuata mtu wangu tu, alibaki mtoni na mamba."

"Mtu gani?" mkufunzi akauliza.

Aisee, hakujua alichouliza! Mzee akaanza tangu mwanzo. Akaonyesha mtu alivyopotea, akaonyesha alivyokula matunda asiyoyajua, akasimama kwenye ncha za vidole vya miguu kuonyesha maji yalivyofika kifuani. Mkufunzi akajikuta ameketi, mkoba ameuweka chini.

"Na wewe umeyasoma wapi haya?"

"Mimi kusoma sijui vizuri. Binti yangu ananisomea. Mwalimu huyu ndiye aliyemchagulia. Mtoto alikuwa hataki kitabu chochote, mwalimu akamwambia, baba yako anafanya kazi msituni, peleka hiki mkasome pamoja."

Mkufunzi akamgeukia mwalimu. "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Halafu ukaenda kumnyang'anya, ili mimi nikikute hapa?"

"Ndiyo, mkufunzi. Ili wewe ukikute."

"Mpe kitabu chake."

Mwalimu akainuka, akakitoa kwenye rafu, akampa. Mzee akatoka mbio bila hata kuaga! Na pale kitabu kilipokuwa pakabaki pengo, vitabu vya jirani vikaegemeana. Mkufunzi akasogea, akaweka kidole kwenye lile pengo.

"Katika chumba hiki chote, hapa tu ndipo nimeona kazi yako. Ondoa vitambaa, mwalimu. Fungua mlango. Nitalala hapahapa kijijini, na kesho nikija sitaki kuona rafu iliyojaa."

Kesho yake alipoingia, rafu zilikuwa kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, mapengo mbele, mapengo pembeni! Mkufunzi akacheka, akaweka sahihi. Cheti kikatoka. Mahindi yakatafutiwa mahali pengine.

Bwana asifiwe!

Sasa, wapendwa, tutoke milimani, turudi hapa chini ya bati hili. Sisi tumejaa mapengo au tumejaa vitambaa? Tumepangwa vizuri, tuna namba mgongoni: huyu ni wa kwaya, huyu ni wa umoja wa akina mama, huyu ni wa vijana. Hakuna aliyechanika, wala aliye na doa la mchuzi. Na hakuna mtu nje aliyewahi kutuazima!

Niwaguse kidogo? Yale masufuria makubwa ya kanisa. Jirani yetu alipofiwa, watu wake wakaja kuyaomba, nanyi mkasema hapana, si muumini mwenzetu, yatarudi na masizi. Masizi! Jamani, sufuria lisilo na masizi limempikia nani? Mbona leo hamsemi amina?

Na kile kitabu tunachokuja nacho kwapani kila Jumapili, kina jalada lenye zipu, zipu yenyewe bado inang'aa. Siku jirani atakapokuja mbio, maji yako kifuani, mamba anamwona, akuulize neno moja tu, "Alivuka?", utamjibu nini? Utamwambia sijakisoma? Ninaliuliza swali hili nikiwa na furaha, maana bado muda upo! Mlango bado haujafungwa!

Mwenye nyumba hii atakuja. Nasi tukisikia anakuja tutataka kukusanya kila kitu: upendo urudi ndani, muda urudi ndani, watoto watoke, sakafu ipigwe deki. Tusifanye hivyo. Hatatuuliza tumetunza nini. Atasema, nionyesheni ambavyo havipo. Ziko wapi zile jioni ulizokuwa nazo? Zionyeshe kwa mgonjwa uliyekaa naye. Uko wapi uvumilivu wako? Uonyeshe kwa mama mkwe, na ninyi nyote mnamjua huyo mama mkwe! Kila pengo atakaloliona ataweka kidole chake hapo, aseme, hapa nimeiona kazi yako.

Walimu wangu wa benchi la tatu, shule yetu nayo ina chumba chenye kufuli, na ufunguo anao mwalimu mkuu ambaye sasa hivi anatazama dari. Nafasi ya kwenda kusomea ukutubi likizo hii ipo. Anayetaka kwenda anyooshe mkono hapahapa, tumwombee kabla hajapatwa na kikohozi. Naona mmoja. Naona wawili! Wanakwaya, mnangoja nini? Pigeni vigelegele!

Ndiyo, mama, nimekuona, umenyoosha mkono na wewe si mwalimu. Unataka kujua kama yule mtu alivuka mto. Hata mimi nilitaka kujua. Nikaenda nikakitafuta kile kitabu, nikafika kwenye rafu yake.

Hakipo! Kimeazimwa! Amina.