Kiti cha Enzi Katikati ya Njia Kuu

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi na njia zikiwa chache, katika mji wa Ndarani palikuwa na fundi wa kusuka viti jina lake Mbaruku, maskini hohehahe, ambaye mali yake yote ilikuwa sindano moja, mdomo mmoja na mke aitwaye Mwanakheri. Mwanakheri akichoma vitumbua kando ya Njia Kuu, iliyonyooka kama uzi uliovutwa kutoka lango la mji hadi sokoni. Ilikuwa njia ya ngamia, magari ya punda na farasi wa mabwana. Mwenye miguu yake tu alipita kwa kujibana ukutani huku akitoa shahada.

Siku moja gari la Waziri likapita mbio, gurudumu likamkanyaga Mwanakheri mguu, na Waziri hata hakugeuka. Mbaruku alipomwona mkewe anachechemea huku akiokota vitumbua mchangani, akaacha kiti alichokuwa akisuka. Akaondoka vile vile, sindano mkononi, hadi barazani kwa Sultani Shaibu. Akasema njia ile ni ya watu, na wenye kwato na magurudumu wazunguke nje ya ukuta. Waziri akacheka hata kilemba kikamwendea upande, akashauri fundi apewe mtihani.

Sultani alikuwa na mafua asubuhi ile, tena hana subira. Akasema: "Vema, ewe Mbaruku. Ijumaa nataka nione Njia Kuu haina mnyama wala gurudumu. Lakini usijenge ukuta, usiweke bawabu, wala usimkataze mtu yeyote. Ukishindwa utafungwa gari la taka, ulivute njiani humo mahali pa punda."

Mbaruku akainamisha uso, ndipo akaona jinsi kiti cha enzi kilivyochakaa. Kilikuwa cha mpingo, kimesukwa kwa nyuzi, nazo zimelegea hata Sultani amezama humo kama mtoto ndani ya beseni. Basi akakumbuka amri ya babu yake Sultani, iliyojulikana na kila mtu Ndarani: kiti hicho kikionekana, kimekaliwa au hakikukaliwa, asipite mbele yake mnyama wala gurudumu, apitaye na apite kwa miguu. Babu aliitoa siku ngamia alipompigia chafya usoni, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

"Seyyidi yangu," akasema, "kabla sijawa punda, niruhusu nikusukie kiti chako."

Sultani, ambaye mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Ramadhani, akakubali kwa furaha. Alipoulizwa kazi ifanyike wapi, akajibu popote penye mwanga. Na hapo akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote wa Ndarani asingelifanya: akamkabidhi fundi kazi bila kumwambia siku ya kuimaliza.

Ikawa Ijumaa asubuhi Mbaruku akakiweka kiti katikati ya Njia Kuu, juu ya masanduku ya tende, kikaonekana toka lango hadi soko. Akaanza kusuka. Mwenye ngamia akatokea, akaona kiti, akageuza. Wachukuzi wakaacha magari langoni, wakajitwika mizigo. Mabwana wakashuka farasi, wakatembea huku wameinua kanzu kama wavukao mto, na wengine wakawatambua majirani zao kwa mara ya kwanza. Waziri akaja mbio na gari lake, akashuka kwa hasira, akakanyaga mavi ya ngamia wa jana, na mji mzima ukatazama pembeni kwa adabu. Ilipofika adhuhuri watoto wanacheza nage katikati ya njia, na mabibi wametandika mikeka.

Sultani naye akafika kwa gari la farasi weupe. Mwendeshaji akasimama langoni, akasema hawezi kupita mbele ya kiti cha Sultani.

"Sultani si ndiye mimi?" akauliza.

"Ndiwe, Seyyidi. Lakini kiti kiko kule."

Basi Sultani akashuka. Mpira wa watoto ukamwangusha kilemba, watu wakashika roho zao, naye akacheka hata mafua yakamfunguka, akasikia harufu ya iliki. Akaifuata mpaka kwa Mwanakheri, akala kitumbua, na cha pili, ndipo akauona mguu uliofungwa kitambaa. Akauliza ni nani aliyemfanya hivyo. Mwanakheri akageuza vitumbua, ila Waziri ghafla akawa anatazama mawingu. Sultani akaona haya, maana na yeye alikuwa akipita njia ile mbio. Akaamuru Waziri awe akimchukulia Mwanakheri unga kutoka sokoni, kichwani, kwa miguu.

Waziri akaharakisha kusema kwamba kiti sasa kirudishwe barazani. Mwanakheri akaacha kugeuza vitumbua. Sultani akamgeukia fundi.

"Ulimkataza nani, Mbaruku?"

"Sikumkataza mtu, Seyyidi. Aliyekataza ni babu yako, Mungu amrehemu. Mimi nasuka tu."

"Na kiti kimekwisha?"

Mbaruku akakitazama. Ulibaki uzi mmoja. "Bado kidogo, Seyyidi."

Sultani akauona ule uzi, akatabasamu. "Usifanye haraka," akasema.

Tangu siku ile Sultani alikuja kila alasiri kwa miguu, akaketi juu ya mbuzi ya nazi ya Mwanakheri, akauliza kama kiti kimekwisha, akajibiwa bado kidogo, akala. Hata Sultani alipokufa, mzee wa mgongo ulionyooka, mwanawe akarithi enzi na ile mbuzi ya nazi. Na uzi ule mmoja haujatiwa hadi leo.