Spika Iliyopaliwa Harusini

“Spika ikikohoa, mtazame anayeilisha.” Mmesikia jirani yetu akiambiwa hivyo leo, alipokuwa akilalamika kuwa mwanawe mdogo amejaa matusi mdomoni. Nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza spika na mtoto vimekutana wapi. Kaeni niwaambie. Vilikutana Korogwe, kwenye harusi, mchana kweupe.

Palikuwa na mpiga gitaa akiitwa Mhina. Mji mzima uliviheshimu vidole vyake, isipokuwa mtu mmoja tu, naye ni mama yake mzazi, Bi Mwanamvua. Kwa bibi yule gitaa lilikuwa uhuni wenye nyuzi. Hakuwahi kukanyaga ukumbi ambao mwanawe anapiga, na Mhina, mtu mzima aliyekwisha kuota mvi, jambo hilo lilimuuma sana. Basi mpwa wake alipokuwa anaolewa, bibi harusi akamng’ang’ania Bi Mwanamvua, bibi yake, mpaka akakubali kuja.

“Nitasikiliza wimbo mmoja,” akasema Bi Mwanamvua. “Ukinichefua, naondoka zangu.”

Wimbo mmoja! Mhina akaapa kuwa lazima asikike, hasa kwa vile masikio ya mama yalikuwa mazito kidogo. Amplifaya yake ilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja cha kupima sauti inayoingia kutoka kwenye gitaa, kingine cha kupima inayotoka kwenda kwenye spika. Asubuhi ya harusi akakizungusha kile cha kwanza hadi mwisho, kikagoma. Tena alimjua mtani wake Shemboza, mpiga besi, ambaye kila Mhina akigeuka humpunguzia sauti kisirisiri. Akakibandika plasta kisizunguke. Mwisho akaitandika amplifaya kanga mpya kwa heshima ya harusi, ikafunika mbele yote. Moyo ukatulia.

Mama akaketi mkekani mbele kabisa, viatu vyake pembeni. Mhina akagusa nyuzi. Krrr! Ilitoka sauti ya bati linaloburutwa juu ya mawe. Akatabasamu kwa aibu, akajaribu tena. Krrr! Watoto wakaziba masikio, na mama akanyoosha mkono kutafuta viatu.

“Spika imekufa hii!” akasema Mhina. Wakaleta nyingine. Krrr!

“Basi ni waya.” Wakabadili waya. Krrr!

“Umeme wa hapa nao!” Na mapangaboi juu yalikuwa yakizunguka kwa raha zao.

“Mtani, umetukana kila kitu umebakiza ukoo wako,” akasema Shemboza. “Tutenge kimoja kimoja.” Akaichomeka spika ile ile kwenye amplifaya ya besi, akapiga. Sauti ikatoka safi. Akairudisha kwa Mhina, kisha akachomoa gitaa na kuchomeka besi yake mahali pake. Krrr!

“Umeona? Spika nzima, waya mzima, gitaa zima. Ugonjwa uko kwenye hiyo iliyovaa kanga.”

“Amplifaya haina kosa,” Mhina akajitetea. “Nimeiandaa mwenyewe asubuhi.”

Hapo Bi Mwanamvua akawa amesogea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

“Mhina mwanangu, kitu chako kinakohoa.”

“Ndiyo, mama. Kibovu.”

“Nani kasema kibovu? Nimelea watoto wanane mimi. Mtoto akipaliwa na uji akakohoa, simtazami mtoto. Namtazama anayemlisha, maana ndiye aliyemmiminia kwa pupa. Hiki anakilisha nani?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhina hakucheka. Ile plasta ilikuwa imemrudia kichwani. Akainama, akafunua kanga mbele ya wakwe na majirani, kitufe kikaonekana kimebanwa mwisho kwa plasta.

“Jamani!” Shemboza akapiga makofi kwa furaha. “Kaishindilia mdomo, kaufunga na plasta, halafu anaisema ikikohoa!”

“Nilitaka unisikie, mama,” akasema Mhina, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

Bi Mwanamvua akakinyooshea kitufe kile kiatu cha mkononi. “Basi punguza, nikusikie.”

Akabandua plasta, akakirudisha kitufe hadi karibu na nusu. Akapiga. Wimbo ulikuwa ule ambao mama yake alizoea kuuimba akitwanga, na kila uzi ukasema neno lake bila kugombana na mwenziwe. Bi Mwanamvua akakaa chini polepole na kiatu chake mkononi. Wimbo ulipokwisha hakuinuka. Akavua kile cha mguuni, akavisukuma vyote viwili nyuma yake, mbali, akauliza, “Mbona umenyamaza?”

Mhina akapiga mpaka jua likazama, na hakuwahi kupiga vizuri kama siku ile.

Maneno ya bibi aliyatangaza Shemboza, kwanza kwa kumcheka mtani wake. Lakini watu wakaona yanawafaa hata wasio na spika nyumbani, wakayashika, nayo yakatufikia sisi.

Sasa jirani yetu anazunguka mtaa mzima akimtafuta anayemfundisha mwanawe matusi. Na ninyi wenyewe mnasikia kila asubuhi anavyowasemesha kuku wake. Spika ikikohoa, mtazame anayeilisha.